Kikohozi Baada ya Ushuhuda

Kama unasoma haya na una kikohozi kilichokataa kuisha, pole kwanza. Sitakueleza jinsi ugonjwa unavyoingia mwilini wala dawa inavyofanya kazi. Hayo waulize waliosomea. Mimi ni fundi wa kushona nguo hapa Kwa Vonza. Ninachojua ni sare za shule na, tangu juzi juzi, kifua kikuu. Nilipokuwa mgonjwa nilitafuta mtu wa kuniambia mambo madogo madogo: mkojo utageuka rangi gani, nitakaa kwenye benchi mpaka saa ngapi, mume wangu atalala wapi. Sikumpata. Basi nitakuambia mimi, na nitakuambia pia kosa nililofanya, ingawa hilo ningependa kulinyamazia.

Lazima nianze na wito, la sivyo kosa lenyewe halitaeleweka. Nilipokuwa msichana kwetu Kanyangi, shangazi yangu aliugua akalala kitandani mwaka mzima, na mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha. Sikuona kinyaa. Alipofariki, nikiwa shambani peke yangu nikiomba, nilijua moyoni kwamba Mungu ananitaka nikae na wagonjwa. Si kuwa nesi, maana masomo yangu yaliishia darasa la nane. Kukaa nao tu. Nilisema hivyo kanisani, wazee wakaniwekea mikono, na sijawahi kulitilia shaka jambo lile hata siku moja.

Kutolitilia shaka ni jambo moja, kulifanya ni lingine. Nikaolewa, nikaja Kwa Vonza, watoto wakaja, cherehani ikaja. Akina mama wa kanisa wakanichagua niongoze kamati ya kutembelea wagonjwa. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Unabeba sukari, majani ya chai, unga, pengine leso. Mnaimba, mnaomba, mnakaa naye. Mimi nilikuwa hodari wa kupanga nani aende wapi na abebe nini. Kwenda mwenyewe ndiko kulikonishinda. Januari kuna sare, Februari kuna mavuno, Agosti kuna mbaazi, Desemba kuna wageni. Kwa hivyo nilituma sukari. Wanasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi nilikuwa na mbaazi na visingizio katika shamba lile lile.

Kikohozi chenyewe kilianza tukipura mbaazi. Vumbi lake hukwaruza koo, na wiki ile kila mtu kijijini hukohoa, kwa hiyo sikujali. Oktoba wenzangu walikuwa wameshanyamaza. Nilikunywa tangawizi, nikanywa maji ya limau, nikasema ni vumbi la vitambaa. Nilipunguza kiuno cha sketi yangu mara tatu, na fundi anayejipunguzia sketi mara tatu bila kujiuliza kuna nini ni fundi mjinga.

Aliyeniuliza ni mume wangu, Baba Kioko. Yeye hutengeneza magurudumu ya malori kule Emali, na huja nyumbani kila baada ya Jumamosi moja. Alinisikiliza nikikohoa tukinywa chai, akaweka kikombe chini.

"Hii kikohozi si ya mbaazi," akasema. "Jumatatu unaenda hospitali. Usipoenda, mimi sirudi Emali."

Benchi la watu wa kifua liko nyuma ya kituo cha afya, chini ya paa lake la mabati, bila kuta, ili upepo upite. Akina mama wanaopeleka watoto kliniki hupita karibu nalo, na kila mmoja anajua ni benchi la nini. Nilivuta leso mpaka puani. Walinipa kikopo kidogo cha makohozi na kuniambia niende kando. Nikakaa kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Ukienda, beba kitu cha kufanya mikono. Mimi nilitamani ningebeba sindano na pindo la kushona. Nesi wa pale, Sista Nthenya, ndiye aliyeniita ndani, na mvua ya kwanza ya Novemba ilikuwa imeanza kugonga mabati.

"Mama Kioko, uko na TB," akasema. "Usishtuke, hii inapona. Lakini inapona ukimeza kila siku, miezi sita. Si siku ile unajiskia kumeza."

Vidonge vilikuwa vinne, kila asubuhi kabla ya kula. Mkojo uligeuka rangi ya soda ya machungwa, na hata machozi yaliacha doa kwenye leso nyeupe. Usiogope hilo. Viungo viliuma, tumbo lilichafuka, na harufu ya mafuta ya kukaangia ilinifukuza jikoni. Baba Kioko akija alilala sebuleni, jinsi tulivyoambiwa tufanye wiki za kwanza, na wiki za kwanza zilipokwisha akaendelea kulala huko. Nilifunga uzi mwekundu kwenye sikio la kikombe changu ili kisichanganyike na vingine. Binti yetu wa mwisho, Kanini, alikatazwa kuingia chumbani mwangu. Alikaa nje ya dirisha akinisomea kazi yake ya shule kwa sauti, na mpaka leo sina zawadi niliyopewa iliyoshinda hiyo.

Akina mama wa kamati walikuja pia. Walifika getini, wakaimba ubeti mmoja, wakamwachia Kanini sukari, wakaenda. Nilikasirika mpaka nikalia. Kisha nikakumbuka ni nani aliyewafundisha.

Kufikia Krismasi kikohozi kilikuwa kimekwisha. Nilikula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, sahani mbili mbili. Sketi ikaanza kubana. Ndipo ukaja mfungo.

Kanisa letu hufungua mwaka kwa mfungo wa siku kumi, bila chakula wala maji mpaka jioni. Mimi ni kiongozi, kwa hiyo watu hunitazama. Vidonge vinahitaji maji, tena asubuhi. Ningeweza kumwambia Pasta Musyoka, angeniruhusu papo hapo. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba kumeza dawa katikati ya mfungo ni kukosa imani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na zile dawa. Nilichoka na kichefuchefu, nilichoka na benchi, na nikapata kisingizio kinachovaa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvaa, kwa sababu kilikuwa na jina la Mungu ndani yake. Kila asubuhi nilitoa vidonge vinne na kuvitia katika mkebe wa vifungo, pale kando ya cherehani.

Mfungo ukaisha, na sikurudia kumeza. Hata siku ya kuchukua dawa zingine sikwenda. Kituo kiliponipigia simu, nilisema nimesafiri. Jumapili ya shuhuda nilisimama mbele. Nikasema Mungu amenigusa, sikohoi, sinywi dawa tena. Kanisa lilipiga makofi na vigelegele. Wanawake waliokuwa wameishia getini kwangu walinikumbatia mmoja mmoja, na baada ya miezi ya kutoguswa na mtu, nakuambia ukweli, nilikuwa tayari kusema lolote.

Wiki ya nne kikohozi kikarudi. Sasa fikiria: aliyetoa ushuhuda hawezi kukohoa. Kanisani nilitoka wakati wa maombi nikaenda nyuma ya choo. Kibandani ninakoshonea nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zake zimeze zangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na mimi niliumbuliwa na shati. Ilikuwa katikati ya Machi. Nilikuwa napiga pasi shati jeupe la mwanafunzi, nikakohoa, na kola ikawa na damu.

Kanini aliiona. Alichukua simu akaenda nje kumpigia baba yake.

Baba Kioko alifika siku hiyo hiyo, siku ya kazi, mikono ikiwa bado na grisi. Akauliza dawa ziko wapi. Kanini ndiye aliyemletea mkebe wa vifungo. Akaufungua, akavitazama vile vidonge vimelala na vifungo vya sare, akaufunga tena polepole.

"Mama Kioko," akasema, "ni Mungu alikuambia uache, ama ni wewe ulichoka?"

"Nilichoka," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwangu tangu Januari.

Pasta Musyoka alikuja kesho yake. Aliingia ndani, akafungua dirisha, akaketi. Nilimwambia yote. Akaniuliza, "Nani alikuambia Mungu anakasirika ukikunywa maji?" Nikacheka nikiwa nalia. Akasema na yeye ana kosa, maana alipokea ushuhuda wangu bila kuuliza swali moja. Nilimwomba aniache nilisawazishe jambo hilo mwenyewe mbele ya kanisa, nikishapona. Akakubali. Kumbuka hayo maneno, nikishapona, kwa sababu yalikuwa kisingizio kingine, na mimi sikukitambua.

Benchi tena. Safari hii makohozi yalipelekwa mbali kupimwa kama dawa za kwanza bado zinaua vijidudu, au nimevipa nafasi ya kuzizoea. Kanini naye alipimwa. Zilipita siku kadhaa ambazo sitaki kuzieleza sana. Nilikaa mlangoni nikimtazama mtoto akiruka kamba, nikisikiliza kifua chake kila aliposimama kupumua. Majibu yalipokuja, Kanini alikuwa safi, ila naye akapewa vidonge vya kumkinga. Dawa zangu za kwanza bado zilifanya kazi, lakini naanza upya, siku ya kwanza. Kanini alimeza vyake bila kulalamika hata mara moja, na hilo lilinitia aibu kuliko maneno ya mtu yeyote.

Aprili na Mei zikapita. Baba Kioko akarudi chumbani. Julai nilikuwa na uwezo wa kushona nusu siku, na ndipo Sista Nthenya aliponiita kando baada ya kunipima uzito.

"Kuna msichana ng'ambo ya mto, upande wa Kanyangi," akasema. "Anaitwa Mwende, ako na mtoto mdogo. Aliacha dawa. Simu hachukui, na yule mhudumu wa kijiji tulituma alifukuzwa. Wewe uko karibu, na umepitia hii kitu. Enda umuone."

"Sista, mimi mwenyewe ni mgonjwa," nikasema.

Alinitazama kidogo. "Ni sawa, mama. Pumzika."

Hapo ndipo nilipojua utamu wa kisingizio cha ugonjwa. Sare, mbaazi na wageni, mtu anaweza kukupinga. Ugonjwa hakuna anayeupinga. Hata mchungaji hukupa pole. Nilienda nyumbani nikapumzika kama nilivyoambiwa. Siku zikawa wiki, wiki zikawa mbili.

Jumapili iliyofuata, katika matangazo, msaidizi wangu wa kamati alisimama kusoma orodha ya wagonjwa. Akasema kuna dada ng'ambo ya mto, Mwende, hali yake si nzuri. Akasema, "Tumemtumia sukari." Kanisa likaitikia amina. Uso wangu ulipata moto. Shangazi yangu hakuwahi kuoshwa na sukari, na Mungu hakuniita pale shambani nikatume kitu dukani. Nilikaa pale mpaka kanisa likaisha, na sikumbuki mahubiri yalihusu nini.

Kesho yake asubuhi sikumeza. Nilifunga vidonge vyangu vya siku ile katika pindo la leso, nikabeba chupa ya maji, nikashuka mtoni. Wakati huo mto ni mchanga mtupu, na kuuvuka ni dakika chache kwa mtu mzima. Mimi nilipumzika mara mbili.

Mwende alikuwa amelala kwenye gunia, kwenye kivuli cha ghala, amejifunika sweta mbili. Mama yake alikuwa mbali kidogo na mtoto mgongoni. Msichana yule alikuwa na miaka ishirini na tatu, na mikono yake ilikuwa myembamba kuliko ya Kanini.

"Mwaitu," akasema, akinipa heshima ya mama jinsi tunavyofanya sisi Wakamba, "kama umekuja kuniombea, omba haraka. Nimechoka."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kukaa. Mimi ni Mama Kioko, fundi wa Kwa Vonza."

Akainua kichwa. "Ni wewe ulitoa ushuhuda?"

Nikaketi chini, kando ya gunia lake.

"Watu walituambia huku," akaendelea. "Ati kuna mama wa Kwa Vonza aliacha dawa na akapona. Mimi dawa zilikuwa zinanitapisha, na maziwa ya mtoto yamepungua. Nikasema, kama Mungu amemsaidia yule, atanisaidia na mimi. Ndio nikaacha."

Ndugu yangu unayesoma, nimekohoa damu na nimengoja majibu ya mtoto wangu, lakini sijawahi kuogopa kama pale. Nilitoa kadi yangu ya kliniki, ile yenye tarehe mbili za kuanza, nikamwekea mbele.

"Nilidanganya," nikasema. "Sikupona. Niliacha dawa kwa sababu nilichoka, nikasingizia imani. Machi nilitema damu. Nimeanza tena."

Akasoma zile tarehe mbili. "Na mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja nipone kwanza."

"Na mimi ningengoja nini?" akauliza.

Akanigeuzia mgongo. Nilifungua pindo la leso, nikameza vidonge vyangu pale pale, nikakaa mpaka jua likapanda, kisha nikamwambia nitarudi kesho.

Nilirudi kesho, na kesho kutwa. Siku hizo nilimeza peke yangu mbele ya mgongo wake. Siku ya nne nilikuta amekaa, ameegemea ghala. Aliniangalia nikimeza, kisha akamwambia mama yake, "Leta maji. Nataka kunawa uso, tuende huko hospitali."

Sista Nthenya alipotuona tumeketi kwenye benchi pamoja alimletea Mwende kikopo. Mwende akapimwa, akaanza upya kama mimi.

Jumapili ya wiki ile ile nilisimama kanisani. Sikungoja wakati wa shuhuda. Nilisema nilichosema Januari hakikuwa kweli, nikaeleza mkebe wa vifungo, nikaeleza kwamba kuna mtu karibu afe kwa kunisikiliza. Hakukuwa na makofi. Wengine walinitazama kwa hasira, na walikuwa na haki. Nikiwa natoka, mwanamume mmoja wa kwaya alinivuta kando akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, lile benchi hufunguliwa saa ngapi.

Tangu hapo kila asubuhi tulimeza pamoja, mimi na Mwende, yeye na kikombe chake na mimi na chupa yangu. Kuna siku tulizungumza juu ya mume wake aliyeenda kutafuta kazi Mombasa. Kuna siku tulinyamaza tu. Alinitania kwamba mimi ni fundi na bado sketi yangu imekaa vibaya. Nilimshonea mtoto kaptura mbili.

Mwisho wa Septemba nikamaliza. Sista aliandika kwenye kadi yangu kwamba nimepona, na Baba Kioko akachinja kuku. Kesho yake asubuhi, nikiwa kitandani, akili yangu ilianza kazi yake ya zamani. Huna dawa ya kumeza tena, ikaniambia. Miguu inauma. Yule msichana anajua kumeza mwenyewe. Kuna sare za Januari za kuanza kushona. Vyote vilikuwa kweli, na hapo ndipo ugumu wake ulipo: visingizio vyangu karibu vyote vilikuwa kweli. Niliamka nikavaa viatu huku vikiendelea kuzungumza.

Mwende akashangaa kuniona. "Mwaitu, si ulimaliza jana?"

"Nilimaliza dawa," nikamwambia.

Novemba mvua ikanyesha milimani, na asubuhi moja nikakuta mto umejaa. Maji mekundu, magogo yanapita, na mahali pa kuvukia hapaonekani. Nilisimama ukingoni, viatu vimezama kwenye tope. Kuna sababu na kuna kisingizio, na nadhani nilijua tofauti yake siku ile: sababu hukuzuia ukiwa umeshafika majini, kisingizio hukuzuia ukiwa bado kitandani. Nikangoja.

Baadaye nikamwona Mwende akishuka ng'ambo ile, kikombe mkononi. Maji yalikuwa na kelele nyingi, hatukuweza kusikizana. Aliinua kiganja nione vidonge, akavitia mdomoni, akanywa, akakigeuza kikombe juu chini. Kisha akainama, akakaza leso, maana alikuwa amembeba mtoto mgongoni mwenyewe, akaanza kupanda naye mlima bila kupumzika.